Hodi kwa Farasi Mfupi

Nilisoma mpaka darasa la nne tu, Lubumbashi, lakini uliza mtu yeyote Matonge, mtaa wetu Waafrika huku Ulaya, ni nani alianza na meza moja ya pilipili akaishia na duka lenye milango miwili ya kioo. Atakuonyesha mimi. Hakuna mteja aliyenishinda. Ndiyo maana yule farasi alinikera.

Miaka ile euro ilikuwa bado mpya mifukoni. Kila Jumapili nilipeleka mboga zilizonyauka kwa mama mmoja mzee, Mbelgiji, mwenye shamba dogo pembeni mwa Anderlecht, aliyelea wanyama walioteswa. Mmoja wao alikuwa poni, farasi wa aina fupi, mgongo wake haukupita kifua changu. Bwana wake wa zamani alimfungia gizani na kumpiga. Akiona mtu, aligeuza mgongo na kurusha mateke. Kwato zake hazikuwa zimekatwa muda mrefu, zikapinda juu kama ncha za mtumbwi, na kila hatua ilimuuma.

"Asiposhikika mpaka Pasaka, daktari atamdunga sindano ya mwisho," yule mama aliniambia. "Hakuna anayemweza."

"Yupo, madame. Unaongea naye."

Jumapili iliyofuata nilivaa suti yangu ya bluu, viatu vikimetameta, na manukato ya kutosha harusi nzima. Kwetu huendi kumwomba mtu kitu ukiwa ovyo. Nikasukuma lango, nikaingia na ndoo ya karoti, nikamwita kwa sauti ile ninayouzia samaki. Teke likapiga ndoo, karoti zikaruka mpaka kwa kuku. Suti ikalala kwenye matope, nami nikiwa ndani yake.

Nyumbani Koekelberg, mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Papa, weye uliingia kwake namna gani? Ulipiga hodi?"

"Kwa farasi?"

"Donc farasi hana kwake? Muntu akiingia kwangu vile, namumwangia maji!"

Nilijifanya sikusikia. Lakini wiki nzima, nikipanga mihogo, maneno yale yalinifuata. Nilipofika nchi hii niliwekwa kwenye makazi ya wakimbizi, na wafanyakazi walifungua mlango wa chumba chetu saa yoyote waliyotaka. Walikuwa watu wema, walileta blanketi. Hata hivyo, kitasa kikilia, moyo uliruka. Blanketi nililipokea bila kumtazama aliyelileta.

Nikarudi shambani na koti la kazi, bila manukato. Nikasimama nje ya lango.

"Hodi," nikasema taratibu. Poni akanigeuzia mgongo. Nikapiga ya pili, na ya tatu. Kwetu, hodi tatu zikikosa jibu, unaenda zako. Nikaacha karoti chini, nikaenda zangu.

"Basi, ndiyo hivyo tu?" yule mama akaniuliza.

"Ndiyo hivyo, madame. Mwenye nyumba hajanikaribisha."

Baridi yote nilifanya hivyo. Kwanza aligeuza sikio. Baadaye akageuza uso. Jumapili moja ya mvua, kabla sijafika hodi ya tatu, alikuja mwenyewe langoni akanipumulia mkononi. Sikumgusa. Mimi, ambaye mteja akishika tu nyanya nimeshampimia kilo, nilijizuia mpaka aliposugua pua yake kwenye mkono wangu.

Siku chache kabla ya Pasaka akaja fundi wa kwato, Mbelgiji Mflemishi, mnene, na daktari wa mifugo nyuma yake na mkoba wake. Mimi nilikuwa tayari ndani na poni, maana siku hizo alishanikubali kwake. Fundi akashika komeo.

"Bwana, ngoja," nikamwambia. "Sema kwanza hodi."

"Niseme nini?"

"Hodi. Halafu usubiri."

Akanitazama, akamtazama daktari. "Odi," akasema, uso mwekundu kama pilipili yangu.

Poni akarudi nyuma hatua moja. Akasikiliza. Kisha akaja akaweka paji la uso kifuani mwangu. Alikuwa anatetemeka. Nami pia, lakini hilo usimwambie mtu.

"Karibu," nikajibu kwa niaba yake.

Fundi akainama, akainua mguu wa kwanza. Vipande vya kwato vikaanza kuanguka kwenye majani. Daktari akaangalia mpaka mguu wa nne, akafunga mkoba, akaenda kumwomba yule mama kahawa.

Mke wangu mpaka leo anadai ushindi ule ni wake. Bon. Nampa robo.