Niliwatunga Wanyonya Damu, Wakampata Jirani Yangu

Nimekosa, na sitaki mtu aniambie ni bahati mbaya. Nimeharibu maisha ya mama aliyenishonea sare ya shule, nikiwa na akili zangu timamu, tena nikicheka.

Natengeneza simu hapa Kyela mjini. Jumapili mchana, baada ya ibada, marafiki wanne walikuwa wanakuja dukani kwangu tunacheza mchezo wa hadithi za kutisha. Kila mmoja anaigiza mtu wake, dadu zinaamua nani apone, na msimulizi ni mimi. Nilijua kuwatisha. Nilijisikia sana.

Siku moja Ambakisye, mmoja wa hao wanne, akasema wanyonya damu wangu ni wa kizungu mno, hawatishi mtu. Ikaniuma. Nikatunga ukoo mzima papo hapo: ukoo wa Kucha. Walivuka ziwa kutoka upande wa Malawi, wakashukia bandari ya Itungi, wakaoa na kuolewa kwetu. Jua linawachoma, hivyo hutembea na mwavuli mweusi. Ukucha wa dole gumba ni mrefu, wa kutobolea mshipa. Wanakuuzia kitenge, na ukishakivaa wanainusa damu yako popote ulipo.

Wote wakasogeleana kwa woga. Nilifurahi kupita kiasi.

Lakini mwavuli ule, ukucha ule na vitenge vile sikuvitunga. Vilikuwa vya Mama Chimwemwe wa mtaa wa Bondeni, mjane mzaliwa wa Karonga, Malawi, jirani yetu tangu sijazaliwa. Ukucha ni wa kuchomolea nyuzi anaposhona. Nilimchukua mtu mzimamzima nikamvika meno. Hata rangi ya mwavuli sikubadilisha. Uvivu tu.

Kumbe Ambakisye alikuwa ananirekodi. Akakata kipande, akakituma kwenye makundi ya WhatsApp bila kusema ni mchezo. Kilifika hadi Ipinda, nje ya mji, kabla mimi mwenyewe sijakisikia.

Nilipombana akanijibu, "Si ulisema wewe? Mimi nimetuma tu."

Nikamzaba kibao. Kibao kile sikijutii. Najutia mengine.

Wiki hiyohiyo watu wakaanza kuchoma vitenge walivyonunua kwa Mama Chimwemwe. Wengine ni wanawake aliowashonea magauni ya harusi. Baadaye yakaja mawe, kwanza juu ya bati, kisha madirishani.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano. Nikasimama mbele ya wote nikasema, "Sauti ile ni yangu. Nilitunga. Ulikuwa mchezo. Hakuna ukoo wa Kucha."

Mzee wa kanisa mmoja, mama ninayemheshimu, akanitazama kwa huruma. "Binti yangu, hayo hukuyatunga. Ulioneshwa."

Watu wakaitikia, "Amina."

Hasira zilinipanda. "Nimeoneshwa nini? Huyu mama mnamjua! Mmekula kwake, mmelia naye msibani!" Wanawake wawili wakanishika mabega, wakaanza kuniombea. Kila nilivyokana, ndivyo walivyozidi kuamini.

Nikaenda kwake. Alikuwa anafunga mizigo katikati ya vioo vilivyovunjika. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba," akasema, kwa mazoea tu. Akaendelea kukunja nguo. "Hao wengine nawaelewa, wameogopa. Lakini wewe ulijua mwavuli ni kwa ajili ya macho. Wewe ndiye uliyenisindikiza hospitali, ukanisomea cheti cha daktari."

Kweli. Nilimsomea mimi.

Amerudi Karonga kwa ndugu zake, ameiacha nyumba aliyojenga na marehemu mumewe. Nampigia, hapokei, na ana haki. Mama yangu mzazi, aliyekuwa rafiki yake mkubwa, hanisemeshi zaidi ya salamu. Mchezo tuliuacha. Ambakisye anapita dukani kwangu akipiga mluzi, kama hakuna kilichotokea.

Juzi mteja mmoja aliniletea simu iliyopasuka kioo. Akainama juu ya meza, akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, wamebaki wengine? Tutajie nyumba zao."

Nikamrudishia simu yake ilivyo, nikamwambia atoke.

Wewe unayetunga hadithi, na wewe unayetuma kwa sababu tu inasisimua, nisikilizeni. Ukitaka zimwi, litoe tumboni mwako. Usimchukue mtu anayeishi, ukamvika meno, ukidhani kesho utayang'oa. Hayang'oki. Mimi nimejaribu.