Mama Muuza Spea na Magari Mawili ya Jina Moja

Taarifa ilinifikia asubuhi, nikiwa barazani na kikombe cha chai, kupitia kundi la simu la mtaa wetu hapa Tanga. Ilikuwa fupi: kuna msiba nyumbani kwa wauza spea, maziko baada ya Adhuhuri. Wengi tulioisoma tulidhani ni mume. Kwa miaka kadhaa amekuwa mgonjwa wa kiharusi, upande wa kulia umepooza na maneno yamemkimbia, na kila alipolazwa mji ulijiandaa kumzika. Nilivaa kanzu nikaenda, njiani nikipanga maneno ya kumpa pole mkewe. Nilipofika nikamkuta mgonjwa mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu, mzima, kofia kichwani, macho makavu, na wanaume wanapita mbele yake bila kujua wamshike mkono upi. Aliyekufa ni mke, yule aliyekuwa akimwogesha, akimvisha na kumlisha. Alisali Alfajiri, akajilaza kidogo kabla ya kwenda kupika uji wa mgonjwa, na hakuamka tena.

Nisingeyaleta haya gazetini, kwa maana marehemu hakuwa mtu wa kupenda kusemwa, lakini tangu siku ile nimesikia mara nyingi mno, sokoni na hata msikitini, kwamba tabu ya gari lake ndiyo iliyomuua. Wanasema mwanamke wa umri ule hakupaswa kununua gari la mbio. Wanasema alikuwa na nafasi ya kuchagua gari la kiungwana, akachagua la wendawazimu. Nilikuwepo siku aliyochagua, na ninajua alichochagua, kwa hiyo naona ni haki yake niseme.

Marehemu na mumewe walikuwa watu wa hapa, kizazi baada ya kizazi, ukoo wa wafanyabiashara ambao mababu zao walitoka India na makaburi yao yako Tanga. Kiswahili cha mama huyu kilikuwa cha Tanga hasa, chenye utulivu na mizaha ya chinichini. Duka lao la spea za magari lilikuwa jambo la pili kwake. La kwanza lilikuwa mbio. Katika ujana wao mumewe alikuwa dereva wa mashindano ya magari, na yeye alikaa kiti cha pembeni akimsomea njia. Kwa asiyejua kazi hiyo: dereva wa mbio hana muda wa kutazama mbali, kwa hiyo mwenzake humwambia kilicho mbele kabla hakijaonekana. Kulia, kali. Kushoto, ndefu. Tuta, achia mafuta. Barabara ya Pangani ilikuwa bado ya vumbi wakati ule, na watu wa Kigombe walikuwa wakisimama kwenye mashamba ya minazi kuwaona wakipita. Alipata kuniambia kwamba hawakuwahi kugombana ndani ya gari, ingawa nje ya gari waligombana kama watu wote waliooana.

Kisha kikaja kiharusi. Hospitali iliokoa maisha ya mume, lakini mdomo wake ulibaki na maneno machache yasiyokuwa na mpangilio, na baada ya muda hayo nayo akaacha kuyajaribu. Watoto wao wawili, wa kiume na wa kike, wanaishi ng'ambo, na walifanya kila ambalo mtoto wa mbali anaweza kufanya: walituma dawa, walipiga simu, walimwomba mama awahamishie baba huko. Sisi majirani tulifanya letu, kwenda kumjulia hali. Lakini nataka niseme namna tulivyokuwa tukimjulia hali, maana imenikaa moyoni. Tulikuwa tukiketi mbele yake na kumuuliza mkewe: Amekula? Amelala vizuri? Anajisikiaje leo? Mtu yuko pale, anatutazama, na sisi tunamzungumza kama mtu aliyeko chumba kingine. Mke alijibu kwa adabu, kila mara. Ila kabla ya kujibu alikuwa akigeuka na kumtazama mumewe usoni, kana kwamba anaomba ruhusa ya kumsemea.

Bandari yetu ilipoanza kupokea meli za magari, yadi za wauza magari zilifunguliwa moja baada ya nyingine. Katika mojawapo yalitua magari mawili kutoka Japani, ya kampuni moja, jina moja, umbo moja na milango miwili kila moja. Ukiyatazama ubavuni usingeyatofautisha. Tofauti ilikuwa ndani na chini. Moja lilikuwa toleo la starehe: gia za otomatiki, viti vya ngozi laini, springi za kukubembeleza, na kimya cha kutosha mtu kusikia saa yake ya mkononi. La pili lilikuwa toleo lililotengenezwa kwa watu wa mbio: injini imeongezwa nguvu, gia za mkono, klachi nzito, viti vyembamba vinavyokubana mbavu, na springi ngumu kiasi kwamba ukikanyaga jiwe unalijua ukubwa wake. Mwenye yadi alikuwa shabiki wao wa zamani. Alimwambia mama ayajaribu yote mawili, kwa muda atakao.

Aliniomba nifuatane nao kwa sababu moja tu: kumwinua mzee na kumwingiza garini kunahitaji mikono minne. Tulianza na lile la starehe. Mimi nilijikunja nyuma, kwenye viti ambavyo nadhani viliwekwa kwa ajili ya mikoba, na tukashika njia ya Pangani mapema, kabla jua halijawa kali. Njia hiyo siku hizi ina lami. Gari lilikwenda kama mtu anayetembea juu ya zulia. Mama aliendesha kwa mkono mmoja, magoti yake, ambayo yalikuwa yakimsumbua, yamepumzika. Mzee alitazama mbele bila kutikisika. Tulipopita Kigombe, mahali waliposhangiliwa ujana wao, hakugeuza hata shingo. Tuliporudi yadi alikuwa amesinzia. Nilimwambia mama kwamba hili ndilo, limemfaa mgonjwa na limemfaa yeye. Akaniambia tukajaribu na la pili, kwani hatutozwi kwa kuuliza.

La pili liliponguruma, kuku wa jirani walitawanyika. Kutoka mjini tu nilikuwa nimekwishajigonga kichwa, na nilimwonea mzee huruma, kwani kila ufa wa barabara ulipanda moja kwa moja hadi mgongoni. Mama alikunja uso kila alipokanyaga klachi. Hakwenda kwa kasi. Nasema hili kwa wale wanaodhani alikwenda kushindana. Alikwenda mwendo wa kawaida, lakini gari lenyewe lilikuwa halifichi kitu. Tulikuwa tumeacha nyumba za mwisho za mji tunaingia penye mkonge pande zote mbili, ndipo nikasikia sauti ambayo mwanzo nilidhani ni ya redio.

"Kulia," mzee alisema. Akavuta pumzi. "Kulia... kali."

Mbele yetu barabara ilikata kulia. Mama hakumtazama wala hakupiga kelele. Niliona tu mikono yake ikikaza usukani, akapunguza gia, akaingia kwenye kona taratibu, kama alivyoambiwa. Mbele kidogo mzee akasema tena, "Kushoto, ndefu." Na ikawa kushoto, ndefu. Sijui kama aliikumbuka njia au kiti kilimpa habari ya njia kupitia mbavuni. Daktari alinieleza baadaye kwamba maneno tuliyoyazoea sana, yale tuliyoyatamka au kuyasikia maelfu ya mara, wakati mwingine hubaki salama hata maneno mengine yakipotea. Sikuwa na elimu hiyo siku ile. Nilikuwa nyuma nimejikunja, nikitazama bega la mwanamke linavyotikisika, nikageuza uso wangu dirishani.

Wanaodhani huo ulikuwa muujiza hawakuona kilichofuata. Mzee hakupona. Alisema maneno machache zaidi hadi Kigombe, kisha akachoka, na tuliporudi yadi shingo ilikuwa ikimuuma na mdomo umefunga tena. Mama alizima injini, akashuka, akazunguka upande wake, akachuchumaa pale kwenye mlango uliofunguliwa ingawa magoti hayakumruhusu. Alimwambia kwamba lile la kwanza ni raha na hili ni tabu, na kwamba hili litamuumiza shingo. Akamuuliza, "Unataka lipi?" Akangoja. Mwenye yadi alitaka kumsaidia kujibu, mama akamzuia kwa mkono bila kumtazama. Mzee akainua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akaupiga kwenye dashibodi ya gari lile gumu, mara moja.

Jioni mwanawe alipiga simu kutoka ng'ambo. Mama alinieleza mazungumzo yale baadaye. Kijana alikasirika kwa mapenzi, na hasira ya mapenzi ndiyo ngumu kuijibu. Alisema mama atamvunja baba shingo, kwamba watu wa umri wao hununua magari ya juu yenye ngazi ya kupandia, kwamba kama ni gari la michezo basi lile la starehe lipo, jina lile lile, umbo lile lile, tofauti iko wapi. Mama alikwenda kwa daktari kabla hajamjibu. Daktari alimwekea masharti: mkingio wa shingo, mwendo mdogo, safari fupi, na siku mgonjwa akisema hataki, basi. Akayakubali yote. Kisha akamjibu mwanawe kwamba katika gari moja baba yako alikuwa mzigo na katika lingine alikuwa na kazi, na kwamba tofauti iko hapo.

Kwa hiyo wanaosema alichagua kwa ajili ya nafsi yake, wajue kwamba kwa ajili ya nafsi yake angechagua otomatiki. Kila safari ilimgharimu usingizi kwa sababu ya magoti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tuliona bibi wa makamo ndani ya gari lenye mngurumo, ushungi umefungwa vizuri, mume pembeni na shingo kwenye mkingio, tukacheka au tukasikitika. Siku nyingine walikwenda upande wa Horohoro, kuelekea mpakani, na vijana wa bodaboda wanaongoja abiria kwenye njia panda ya Moa walikuwa wakiwapungia mikono. Hatukujua kwamba ndani ya gari lile mtu aliyetolewa katika mazungumzo ya dunia alikuwa akipata neno moja, mawili, siku nyingine hakuna kabisa.

Dunia yetu inaelekea kwenye ulaini. Barabara zimelainika, na nashukuru, maana vumbi la Pangani liliua vifua vya watu. Magari yamelainika, na hata namna ya kuwatunza wazee imelainika. Mto huku, mto kule, televisheni mbele yao, na sauti zetu zimeshuka wanapokuwa karibu. Sina ugomvi na mto. Ninachojiuliza ni mara ngapi tunampa mgonjwa raha ili sisi tupumzike na sura yake ya kuteseka, na mara ngapi raha hiyo ndiyo inayomzika kabla ya siku yake. Mama yule hakuwa na nadharia yoyote juu ya haya. Alikuwa na mume, akamuuliza swali, akangoja jibu muda ambao sisi wengine hatuna subira ya kungoja.

Baada ya siku za matanga nilikwenda kuwaona wafiwa. Watoto wote wawili walikuwa wamefika. Kijana alinisalimu, "Shikamoo, ami," akanikalisha sebuleni kando ya baba yake, akaanza kuniambia mipango: kama watamchukua baba, kama watauza nyumba, na lile gari. Nilikuja nimejiandaa kulitetea gari. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, kwamba lisiuzwe, kwamba atafutwe dereva mwema amtembeze mzee, kwamba ndilo lililobaki la marehemu. Sikupata kuitoa. Kijana alinyamaza katikati ya sentensi, kama mtu aliyesikia anachokisema, akavuta kiti chake hadi akatazamana na baba yake, akamwambia kwamba mama hayupo, na kwamba hawajui la kufanya, na kwamba angependa asikie kwake. Dada mtu alikuja akasimama nyuma. Feni ilizunguka. Mzee alihangaika na mdomo wake hadi jasho likamtoka, na hakuna aliyemsaidia.

"Hapa," alisema, akigusa kiti chake. Tukaelewa kwamba haondoki Tanga. Kijana akauliza na kuhusu gari.

"Uza."

Alilitamka wazi kuliko neno lolote nililowahi kumsikia tangu augue. Machozi yalimtoka, ya kwanza tuliyoyaona tangu msiba, lakini hakulirudisha neno lake. Nami nikaimeza hotuba yangu pamoja na chai. Nilikuwa nimekwishamchagulia huzuni yake, namna atakavyoibeba na kitu atakachomkumbukia mkewe, na kumbe alikuwa na yake. Gari limeuzwa. Mzee yuko nyumbani kwake, binti amebaki naye. Mwenyezi Mungu amrehemu yule mama. Funzo lake ni dogo kulisema na zito kulitenda: mtu aliyepoteza ulimi hakupoteza hiari, na ukimuuliza kwa kweli, kubali kwamba jibu ni lake, hata likivunja lile ulilokuja nalo.