Jiko la Bure

Mtu akiniambia kitu fulani kilijengwa bure, kwa nguvu za watu wenyewe, swali langu huwa moja tu: nani alipika? Wengine hunitazama kana kwamba nimewatukana. Sijamtukana mtu. Nimekulia katika nyumba ambayo jiko lake lilijengwa bure, na ninajua lilikula nini.

Nyumba yetu ya Tabora ilikuwa ya tatu katika safu ya nyumba zilizoshikana kuta. Ukiingia mlango wa mbele unakuta ukumbi mwembamba tulimolala sisi watoto, kisha chumba cha baba na mama, halafu chumba cha nyuma chenye mlango wake wa kutokea uani. Hicho cha nyuma ndicho mama alichopikia. Moshi ukirudishwa na upepo ulijaa nyumba nzima, na jirani wa kushoto aligonga ukuta kulalamika, ilhali anayekohoa ni mama. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akidai jiko. Alianza kudai mwaka ule ambao watu wa kwao Choma waliambiwa waache kaya zao zilizotawanyika, wakakae pamoja katika kijiji kipya kando ya barabara.

Bibi, yaani mama yake mama, alikuwa mjane na hakuwa na mtoto mwingine aliye hai. Aliiacha nyumba yake ya kuta nene, akapewa kiwanja na kibanda cha nyasi cha kuanzia. Wenzake walikuwa na vijana wa kuwajengea. Yeye alikuwa na mbuzi wawili. Mama akasema bibi aje kukaa kwetu kabla masika hayajaanza, na baba akakubali palepale. Hilo nampa haki yake, hakusita hata kidogo. Tatizo lilikuwa ni wapi angelala.

Vijana wa leo hunikatiza hapa. Si angelala tu ukumbini na wajukuu? Asingeweza. Bibi alikuwa mkwe wa baba, na kwa watu wetu wakwe hawa wawili hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani kila mmoja huinamisha macho na kupisha. Pale ukumbini angemwona baba alfajiri akitoka chumbani na shuka kiunoni kwenda msalani, uliokuwa upande wa mbele wa safu. Bibi angeona afadhali akalale stesheni. Chumba pekee ambacho angeweza kuingia na kutoka bila kupita mlangoni pa mkwewe ni kile cha nyuma, na humo mlikuwa na mafiga na masufuria. Ili bibi aingie, ilibidi moto utoke. Kilichotakiwa ni kuta tatu fupi za kuegemezwa nyuma ya nyumba, na bati juu. Basi.

Mama alikuwa ameshapanga. Alikuwa amezungumza na fundi mmoja mtu mzima wa mtaa wa Cheyo, mwenye matofali yake ya kuchoma, aliyekubali kulipwa mchele. Mchele tulikuwa nao. Ulitoka shambani kwa bibi mwenyewe, mavuno yake ya mwisho kabla ya kuhama, magunia yamepangwa hadi karibu na dari, pamoja na karanga na samli. Fundi akasema akianza Jumatatu, mwezi hautaisha kabla jiko halijatoa moshi.

Baba akamrudisha mlangoni. Alikuwa kerani wa mizigo pale stesheni, na siku hizo alikuwa harudi kutoka mikutano ya chama bila neno jipya. Siku ile neno lilikuwa unyonyaji. Kumlipa mtu akujengee wakati una majirani wenye mikono, alituambia, ni unyonyaji, na nyumba yake haitaanza mambo hayo. Tutaita msaragambo.

Aliyemtia moyo ni balozi wetu wa nyumba kumi, rafiki yake wa chanda na pete, mtu mnene mcheshi aliyependa kusimama mlangoni pa watu huku kidole gumba kakichomeka mkandani. "Shemeji," alimwambia mama, "wewe hutoi hata senti. Mikono tunayo. Kazi yako ni kutuchemshia maji tu."

Maji.

Sina ugomvi na msaragambo. Kijijini nimeuona ukifanya kazi. Watu hufika kwako na majembe kabla jua halijachomoza, mwenye shamba hupika, jioni shamba limelimwa, na wiki inayofuata wewe ndiye uko kwa mwenzako. Lakini wale wanajua jembe. Sisi tuliletewa makerani wawili, fundi cherehani, muuza kahawa, mtengeneza baiskeli na balozi. Hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kusimamisha ukuta, na kila aliyegusa tofali alikula kama aliyelima ekari nzima.

Jumapili ya kwanza walichimba msingi. Mama aliamka kukiwa bado na giza, akapika chai na mihogo, kisha akaingia kwenye wali na kuku, maana baba alikuwa amemwambia kabisa asimtie aibu kwa ugali na mlenda mbele za watu waliokuja kumsaidia. Alipikia chumba kilekile cha nyuma, moshi umemjaa machoni, na nje ya ukuta wanaume wanapiga sururu moja, wanapumzika, wanajadili ukombozi wa bara zima. Saa ya kula hakuna aliyechelewa. Baada ya kula balozi alihutubia, na kazi ikaishia hapo.

Jumapili zilizofuata walifyatua matofali uani. Tope lilifika mpaka kwenye mashuka yaliyoanikwa. Mama akachungulia, akauliza kwa adabu zote, "Shemeji, haya yatachomwa lini?"

Balozi akamjibu bila kugeuka, "Shemeji, jiko si litayachoma lenyewe?" Wote wakacheka, baba akicheka kuliko wote. Matofali mabichi yakapanda ukutani. Bati, tukaambiwa, zinasubiri kibali.

Zikisubiri, mvua haikusubiri. Ilinyesha usiku mmoja tu, na asubuhi tukakuta ukuta umelainika na kubwagika uani, umerudi kuwa tope. Baba alisimama akaliangalia, akasema, "Tutawaita tena." Mama alikwenda kutazama magunia. Kipindi hicho nilikuwa nasoma darasa la mwisho la shule ya msingi, na ninamkumbuka akiweka kiganja juu ya gunia ambalo lilikuwa limelegea, akilibonyeza kuona limebaki kiasi gani. Ule ulikuwa mchele wa fundi. Fundi mwenyewe alikuwa keshachukua kazi kwingine.

Jioni ile nilimsikia mama akimwambia baba kitu ambacho angetakiwa kukisikiliza. "Mume wangu, mama aje tu. Mafiga nitayahamishia uani, nitajifunika gunia nipike. Mvua yenyewe hainyeshi kutwa."

Baba akasema, "Mkwe wangu aingie hapa akute mke wangu anapika mvuani? Na watu nilishawatangazia kwamba najenga? Ataingia nyumba ikiwa imekamilika."

Nilimchukia saa ile, na sitasema kwamba uzee umenipunguzia. Heshima ya ukwe naijua, nililelewa nayo, na bibi angekuwa wa kwanza kuitetea. Lakini kile hakikuwa heshima ya mkwe. Ilikuwa heshima ya bwana kerani mbele ya wala wali wake. Nilitaka mama avunje kitu, hata kikombe, lakini aliinuka akaenda kuchagua mchele kwa ajili ya Jumapili.

Wakajenga tena, wakala tena. Ukuta ulifika kiunoni, ukakaa hapohapo, kwa sababu kila wiki kulikuwa na mkutano, au udongo umelowa, au balozi amesafiri na bila yeye hawaanzi. Dereva mmoja wa lori la pamba, aliyekuwa akipita Choma, alituletea salamu. Bibi alisema tusimhangaikie, ana pa kukaa. Dereva alipomaliza kusema salamu hizo, akamwangalia mama, akaongeza ya kwake. "Mama, kile kibanda kinavuja. Na anakohoa sana yule mzee."

Mama akafunga khanga zake mbili ili aende kumchukua kwa lori lilelile likirudi. Kulala wangelala popote. Lakini barabara ilikuwa imekatika kwa maji, na lori likakwama mjini. Siku lilipoondoka lilimchukua mama kwenda kuzika.

Sasa sikieni jambo ambalo sijawahi kulisamehe. Taarifa ya msiba ilipofika, na ikajulikana kwamba matanga yatakuwa kwetu mama akirudi, wanaume walewale walifika bila kuitwa. Hawakuhutubia. Matofali ya kuchoma yaliletwa kwa mkokoteni kutoka Cheyo. Bati zilizokuwa zinasubiri kibali miezi yote hiyo zilitoka nyuma ya nyumba ya balozi. Yule mtengeneza baiskeli, ambaye Jumapili zote alikuwa anachanganya tope kwa kijiti, alipanda juu akapigilia misumari mpaka mwisho. Kabla ya adhuhuri jiko lilikuwa limesimama. Waombolezaji wanahitaji jiko, walisema. Kazi waliyoshindwa kumfanyia mzee aliye hai iliwachukua asubuhi moja.

Mama alirudi Tabora kavimba macho. Jamaa wa upande wa baba walikuwa wameshahamisha mafiga, wamefagia chumba cha nyuma na kutandika mkeka. Moto wa kwanza wa jiko jipya ulipika gunia la mwisho la mchele wa bibi, wakala majirani, na mimi ndiye niliyekuwa nagawa.

Balozi alikuwa amekaa uani na wenzake, sahani mapajani. Mama alipopita akaona ni wajibu wake kusema neno la faraja. "Pole sana, shemeji. Ila angalau jiko umepata, na hukutoa hata senti."

"Ahsante, shemeji," mama akasema. "Na chumba cha mama kimeshafagiliwa."

Balozi akaitikia kwa kichwa, akaninyooshea sahani nimwongeze.