Wiki Tatu za Mama Sindano Bila Sauti

Fundi huyu wa nguo za kike aliitwa Mama Sindano, na asiyemjua angedhani ni kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa na chumba kimoja cha kushonea: vyerehani viwili, kioo kirefu, na pazia la wateja kujaribia nguo. Pale kwenye kioo ndipo alipotolea huduma yake kuu. "Nguo haina kosa," alimwambia mteja mmoja aliyelalamika kwamba inambana. "Mimi nilipima mtu mmoja, wewe umeniletea wawili."

Watu walipokunja uso, alishangaa kweli. Yeye alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani na kiongozi wa kikundi cha maombi. Tena hakuwa msengenyaji hata kidogo: alikusema mbele yako, kwa sauti, wateja wengine wakiwepo, ili kusiwe na siri. "Ukweli humweka mtu huru," alipenda kusema. Na kweli, wateja wengi walitoka pale wakiwa huru kabisa kwenda kwa fundi mwingine.

Aliyekosa uhuru huo ni mkamwana wake, aliyeshona kwenye cherehani cha pili. Binti huyo alikuwa na mkono mwepesi na mshono ulionyooka kama reli, jambo ambalo kwa miaka minne hakuna aliyemwambia. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, mama mkwe alimwombea kwa sauti: "Ee Bwana, mpe mtoto huyu akili, maana mikono peke yake haitoshi." Binti aliitikia, "Amina." Wewe ungeitikia nini?

Ikaja semina ya siku tatu kanisani. Mada ilikuwa nguvu ya maneno. Mama Sindano aliongoza maombi siku zote tatu, bila kipaza sauti, akikemea kila neno la laana lililowahi kutamkwa na watu wengine. Siku ya nne aliamka, akafungua kinywa amweleze mumewe jinsi alivyokoroma, na hakikutoka kitu ila upepo.

Mumewe, dereva mstaafu, alingoja kidogo. "Endelea, mama watoto," akasema. "Nakusikiliza."

Ukatoka upepo tena. Akampeleka hospitali, bila haraka ya kupita kiasi.

Daktari alimchungulia kooni, akasema nyuzi za sauti zimevimba. "Wiki tatu usiseme neno, Mama. Hata kunong'ona marufuku. Ukibisha, sauti inaweza isirudi kama ilivyokuwa."

Mume aliuliza kama wiki tatu zinatosha.

Njiani walinunua daftari na kalamu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Neno la mdomo lina huruma zake: likishatoka linapotea, na mwenyewe anaweza kuapa kuwa alikuwa anatania. Neno la daftari halina adabu hiyo. Linabaki mezani, limekukodolea macho. Isitoshe, mume alikuwa haoni vizuri. Akiandikiwa karipio, alitafuta miwani, akaifuta, akasogea dirishani, kisha akauliza: "Hili ni 'mvivu' au 'mvuvi'? Maana mimi sijawahi kuvua." Mpaka aelewane na herufi, hasira ilikuwa imepoa kama chai ya mgonjwa.

Siku ya sita alikuja mwalimu wa shule ya msingi, mama mjane, kuchukua gauni la harusi ya bintiye. Akajitazama kiooni, akajigeuza. "Fundi, limenikaa?"

Mama Sindano akaandika haraka, kwa furaha ya mtu aliyefunga siku sita: "Kitambaa kizuri kimepata msiba." Akamgeuzia daftari.

Mwalimu alisoma. Hakulia wala hakufoka. Alisoma mara ya pili, kidole chini ya mstari, kama anayesahihisha insha.

"Weka sahihi," akasema.

Mama Sindano akapepesa macho.

"Andika jina lako hapo chini, na tarehe. Ni neno lako, sivyo?"

Cherehani cha pili kikanyamaza. Mama Sindano akaishusha kalamu karatasini, akaiinua, akaishusha tena. Mwanamke ambaye hakuwahi kukosa neno mbele ya kusanyiko zima alishindwa kuandika jina lake mwenyewe. Mwalimu akalivua gauni, akaliacha kwenye kiti, akaenda zake.

Mkamwana alipotoka kwenda kununua uzi, Mama Sindano alilifungua daftari tangu mwanzo, atafute mahali alipoandika jambo jema. Alikuwa na hakika lipo. Ukurasa wa kwanza: "Chumvi umeitia au umeimwaga?" Wa pili: "Mama yako hakukufundisha kukata shingo ya blauzi?" Ukurasa wa nne ulikuwa na sala, na sala yenyewe ilikuwa ya kumshtaki mkamwana kwa Mungu. Akafika mwisho. Hapakuwa na asante hata moja.

Na hizo zilikuwa siku sita tu. Yeye alikuwa na miaka hamsini na saba. Kanisani alikuwa akifundisha kwamba kila neno la ovyo tutaulizwa siku ya hukumu, na kila alipofundisha hivyo aliwatazama akina mama wa benchi la nyuma. Akalifunika daftari. Akalifunua tena, maana kulifunika hakukufuta kitu. Akalia, na hata kulia ilibidi alie kimyakimya, kwa amri ya daktari.

Kesho yake alilifumua gauni kiunoni na kugundua kuwa kipimo alikikosea mwenyewe, inchi mbili nzima. Akalishona upya, akalipeleka nyumbani kwa mwalimu kwa miguu yake. Mlangoni akamkabidhi karatasi: "Nilikosea kipimo, na nilikosea neno. Nisamehe." Chini yake aliandika jina lake lote na tarehe.

Mama Sindano alitegemea kukumbatiwa. Katika shuhuda za kanisani huwa watu wanakumbatiana.

"Nimesoma," mwalimu akasema. "Gauni nitalijaribu. Hilo lingine, nipe muda." Akafunga mlango taratibu.

Sauti ilirudi siku ya ishirini na mbili, nyembamba, yenye mikwaruzo. Mkamwana alikuwa akishona kola ya shati. Mama Sindano akasimama nyuma yake, na binti akakaza mabega kama kawaida.

"Kola hiyo imekaa vizuri."

Binti akaacha kukanyaga cherehani. Akangoja. Katika nyumba ile sifa ilikuwa kibaraza tu cha kuingilia kwenye "lakini."

"Lakini nini, Mama?" akauliza mwishowe.

Hiyo "lakini" ilikuwepo, tena nzuri ajabu, tayari kwenye ncha ya ulimi: kifungo cha pili kilikuwa kimeenda upande. Mama Sindano akameza mate. Mungu peke yake ndiye ajuaye kazi aliyoifanya pale.

"Basi tu," akasema. "Imekaa vizuri, mwanangu."

Binti akainamia cherehani, na kwa dakika kadhaa hakuliona tundu la kupitishia uzi.