Kadi Zilizobaki Kwenye Sindano

Mimi ni karani wa kilimo hapa Sumbawanga, na wiki iliyopita nilijiaibisha mbele ya kijiji kizima. Ofisini kila mkulima ana kadi yenye matundu pembeni. Kama ana ng'ombe wa kulima, tundu la ng'ombe hukatwa hadi ukingoni likaachwa wazi. Ukipitisha sindano ndefu hapo kwenye rundo la kadi na kuinua, kadi za wenye ng'ombe huanguka, nyingine hubaki zikining'inia. Nilijigamba kwa Bwana Shamba kwamba nitawapata wenye ng'ombe wa kijiji cha Milepa kabla chai yake haijapoa. Tukawaita waje na kamba kwenye shamba la ujamaa, plau tutaleta sisi. Ng'ombe sikuwataja, nikiona jambo hilo linajulikana.

Asubuhi walifika wengi, kila mmoja na kamba mpya. Ng'ombe hakuna hata mmoja.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia aliyetangulia.

"Marahaba, mwanangu. Tumefurahi kukumbukwa, sisi tusio na mifugo. Hao ng'ombe mnaotugawia wako wapi?"

Bwana Shamba akanigeukia. "Ulichukua kadi zilizoanguka, au zilizobaki kwenye sindano?"

"Zilizobaki," nikajibu, mzee akiwa bado amenishika mkono.