Maruch Apeleka Posa Bila Soda

Saa moja asubuhi Maruch Xilon amepiga magoti sokoni, anakanda donge la mahindi kwenye maji aliyoyachemsha mwenyewe. Donge linayeyuka, linakuwa pozol, kinywaji ambacho vibarua hubeba shambani. Anajaza kibuyu, anampa mteja. Peso kumi.

"Mama Maruch, leo tena hutii sukari?" mteja anamchokoza.

"Tia ya kwako, ukakatwe mguu wa kwako."

Watu wanacheka. Yeye hacheki.

Maruch, miaka hamsini na mbili, ameuza pozol tangu usichana wake, na muda wote huo yeye mwenyewe alikunywa soda, chupa tatu kwa siku. Mwaka jana zahanati wakampima sukari: 410, mara nne ya kawaida. "Nilidhani mashine yao imeharibika," anasema.

Wa kulaumiwa wanajulikana. Hapa milimani Chiapas wakubwa walituletea bomba, maji hayakuja. Gari la soda halijakosa hata siku moja, hata barabara ikiporomoka. Nesi aliyempima Maruch amewekewa friji la soda mlangoni! Mke wangu alipitishwa mlango huo huo akiwa maiti, kwa sukari.

Nilidhani sitashtuka tena. Nikasikia habari ya posa.

Mwana wa Maruch, Manvel, anataka kumuoa binti wa Lol Patixtan. Kwetu huendi kuposa bila kreti za soda. Maruch akaenda na mtungi wa pozol. Lol alikuwa kitini, mguu mmoja umekatwa gotini kwa sababu ya sukari. Akautazama mtungi.

"Mama, umekuja kuposa au kunywesha vibarua?"

"Nimekuletea kinywaji ulichokulia, mzee mwenzangu. Huo mguu uliobaki nauonea huruma."

"Bila soda hakuna binti."

Mguu mmoja! Na bado anadai soda!

Safari ya pili ikawa vilevile. Ya tatu ni Jumapili, na akikataa tena, kwa mila zetu posa imekufa.

"Mama, peleka tu kreti mbili tuyamalize," Manvel anambembeleza. "Anayeoa ni mimi."

Maruch anafuta mikono. Mahindi meupe ameshayachagua.

"Jumapili natia kakao, kama ya sikukuu, asiseme tena ni ya vibarua," anasema. "Nitapiga magoti pale mpaka anywe. Wajukuu zangu nataka wamkute babu yao hai."