Wasia Ambao Marehemu Hakuuacha

Mhariri wa ukurasa huu, naomba jina langu ulifiche, na msomaji atakayenitambua kwa habari hizi naomba anisitiri.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Tanga, naishi huku ughaibuni, Quakers Hill, na binti yangu wa pekee. Ana miaka kumi na tisa, yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu, anasomea sayansi ya mimea. Baba yake, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha mikate, alifariki kwa ugonjwa wa moyo miezi sita iliyopita. Shule yangu iliishia darasa la saba, mnivumilie.

Binti huyu alipenda majani tangu mdogo. Aliyakausha ndani ya kitabu kikubwa cha simu, na baba yake akitafuta namba, majani yalimmwagikia mapajani. Hakuwahi kumgombeza. Aliyaokota moja moja akayarudisha.

Siku ya arobaini watu walijaa nyumbani kwa hitima. Nilikuwa bado nimekaa eda, niko chumbani na wanawake, mlango wazi. Baada ya dua nikamsikia binti yangu akimwambia baba yake mdogo anayekaa Penrith, "Chuo naacha, baba mdogo. Nimepata kazi ya usafi wa maofisi huko mjini. Mama ataishije?"

Shemeji akasogea mlangoni. "Shemeji, marehemu hakuacha neno lolote kuhusu huyu mtoto?"

Nilitishika. Nikasema, "Aliacha. Alisema asome mpaka awe mwanasheria."

Sheria niliitoa wapi? Barua za serikali zikija, mtoto ndiye aliyetusomea, na baba yake akicheka, "Huyu ndiye wakili wangu." Utani wa mezani tu. Neno lake la mwisho kwangu, asubuhi ile kabla hajaanguka, lilikuwa, "Mapipa ya taka umeyatoa nje?"

Shemeji akatangaza palepale, watu wakainua mikono wakaitikia amina. Kwetu mnajua, wasia wa marehemu ukishasikiwa na watu haurudi nyuma.

Binti hakuacha chuo, nikashukuru, nikadhani yameisha. Mwezi huu amekuja na fomu. Kumbe chuo kinaruhusu kuongeza shahada ya sheria juu ya ile ya sayansi, zote mbili miaka mitano badala ya mitatu.

"Sheria unaipenda?" nikamuuliza.

"Nilikwenda kusikiliza somo moja, mama. Nilisinzia." Akacheka kidogo. "Lakini si mimi niliyetaka, ni baba."

Mwalimu wake alimpa nafasi ya kusaidia kwenye bustani ya utafiti. Ameikataa, anasema akianza sheria hatakuwa na muda.

Shemeji naye akipiga simu husema, "Hebu nipe wakili wetu." Amemnunulia mkoba mweusi wa ngozi wa kubebea majalada. Unaning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha binti. Kitabu cha simu na majani yake kimehamia chini ya kitanda.

Nikisema kweli, itajulikana kwamba nilimsingizia maiti mbele ya watu waliokuja kumwombea, na mtoto anaweza kurudi kwenye wazo lake la ndoo na ufagio. Hataniamini tena, hata nikimsimulia mambo ya baba yake yaliyo ya kweli. Nikinyamaza, ujana wake unakwenda kwa neno ambalo baba yake hakulisema. Kila upande nikigeuka nakuta ukuta, na ukuta nimeujenga mwenyewe.

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni nachambua mchele. Akaja akaketi, akafungua daftari jipya. "Mama, niambie baba alivyosema, neno kwa neno. Nataka kuliandika ukurasa wa mwanzo, nikichoka niwe nalisoma."

Nikamwambia angoje, nilikumbuke vizuri.

"Sawa, mama. Sina haraka."

Fomu inarudishwa mwisho wa mwezi ujao. Daftari ameliacha pale pale mezani, kalamu juu yake, na kila nikipika naliona. Ninyi mliozaa na mliozika, nishaurini. Akiniuliza tena, nimwambie nini?